Nani Anamjua Mtoto Huyu?

Mhadhara uliotolewa Idsowe, Garsen, mbele ya walimu, wazazi, wazee na wanafunzi wa Tana Delta



Walioandaa kikao hiki walinieleza kwamba wangependa mazungumzo juu ya namna ya kujenga mahusiano ya kusaidiana baina ya wanafunzi na wafanyakazi katika shule za bweni. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitishia katika shule za namna hiyo, kwanza nikiwa mwalimu wa bweni, kisha mwalimu wa ushauri nasaha, kwa hiyo sikusita kukubali. Kusudi langu ni moja. Nataka tuondoke hapa tukiwa tumekubaliana kwamba usalama wa shule ya bweni, nidhamu yake na hata matokeo yake ya mtihani hutegemea swali ambalo mwalimu mkuu yeyote anaweza kujiuliza akiwa na orodha ya majina mkononi: mtoto huyu, ni mtu mzima gani hapa shuleni anayemjua? Kumfundisha na kumhesabu gwarideni ni jambo jingine. Nauliza anayemjua.

Nina hoja tano. Baadhi nitazipita mbio, na moja au mbili zitanichukua muda. Mnivumilie.

Kabla ya hoja hizo, tukumbuke kwamba hapa kwetu bweni halikuja kama fahari ya wenye pesa. Tangu miaka ya 1970 serikali ilijenga shule za msingi za bweni za gharama nafuu katika maeneo kame ya nchi, ili mtoto wa mfugaji asikatize masomo mifugo inapohama kufuata malisho. Kwa mkulima wa kandokando ya Tana, sababu kubwa ni maji. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliwatoa watu vijijini mwao. Mwaka 2024 Wizara ya Elimu ililazimika kuahirisha ufunguzi wa muhula wa pili nchini kote, kutoka Aprili 29 hadi Mei 6, kisha hadi Mei 13. Kwa msichana ambaye shule iko mbali na njia ina mamba na vichaka, bweni ndilo linalomfikisha mwisho wa masomo. Na mzazi analipa. Karo ya shule ya bweni ya umma katika kaunti kama yetu iliwekwa na serikali kuwa shilingi 40,535 kwa mwaka, na wengi wenu mnaitafuta kwa maembe, kwa ndizi, kwa ng'ombe anayepelekwa mnadani kabla ya wakati wake. Ukishalipa, unamkabidhi mwanao kwa watu usiowajua, karibu miezi tisa ya kila mwaka. Mzazi aliyefanya hivyo ana haki ya kujua anamkabidhi nani.

Hoja ya kwanza: kabla shule haijaungua, kuna mtoto anayejua

Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Wanafunzi walikuwa na manung'uniko, mojawapo likiwa kufutwa kwa matokeo ya mtihani wa kitaifa, na miaka mingi baadaye mahakama iliamua kuwa uongozi wa shule ulizembea. Miaka mitatu kabla yake, Machi 1998, moto uliua wasichana zaidi ya 20 wa Bombolulu, hapa hapa Pwani, kule Kwale. Nao walikuwa wamefungiwa. Septemba 2024 taifa liliomboleza watoto 21 waliouawa na moto bwenini Hillside Endarasha, Nyeri, wavulana wadogo wa shule ya msingi.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na wizara mwaka 2008 unasema wazi: baina ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2, mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5, ufunguke kwa nje, wala usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma. Wanachama wa bodi, chukueni utepe wa kupimia wiki hii hii. Hapo hapana mjadala.

Lakini mlango mpana humfaa mtoto moto ukishawaka. Kinachozuia moto usiwake ni habari kumfikia mtu mzima mapema. Mwaka 2008 migomo ilienea katika mamia ya shule nchini, na mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa. Mtafiti Elizabeth Cooper, aliyewahoji wanafunzi wa Kenya na kuchapisha utafiti wake mwaka 2014, alionyesha kwamba vijana hawa hawakuwa wamerukwa na akili. Walikuwa wameona kwamba wakubwa husikiliza upesi pakiharibiwa mali, na kwamba walipolalamika kwa amani hawakupata jibu. Yapo matendo ya jinai humo na sheria ina kazi yake. Hata hivyo, mtu mzima akisoma maneno hayo lazima ajiulize ni nani aliyewafundisha watoto hesabu hiyo.

Nyinyi watu wa mto mnanielewa vizuri. Maji yakipanda Garissa, habari hufika huku kabla ya mafuriko yenyewe, na mwenye busara huhamisha mbuzi na mahindi yake. Shuleni pia zipo siku hizo. Masomo ya jioni yanakuwa kimya kupita kawaida. Vikaratasi vinaokotwa vyooni. Watu wanaanza kutoa vitabu vyao bwenini na kuviacha darasani. Wapo watoto wanaojua, siku zote wapo, na wengi wao wanaogopa. Je, katika watu wazima wa shule hiyo yupo hata mmoja ambaye mtoto anaweza kumwendea bila kuhofia kuitwa msaliti na wenzake, au kugeuzwa mshukiwa na naibu wa mwalimu mkuu? Shule yenye mtu wa namna hiyo kwa kila mtoto ina ulinzi ambao kamera haziwezi kuutoa.

Hoja ya pili: usiku wa kwanza, na aliyelala kitanda cha juu

Hapa nitakaa kidogo.

Mtazameni mtoto siku ya kuripoti. Ana sanduku la chuma lililoandikwa jina lake kwa rangi nyeupe, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, ndoo, chandarua, na pakiti ya vitu alivyonunuliwa njiani. Mjomba wake yuko kwenye foleni ya mhasibu. Sanduku linafunguliwa na kukaguliwa mbele ya watu, nguo za ndani na zote. Kisha mjomba anatazama saa, anamwachia shilingi mia mbili, anawahi gari la mwisho. Ikifika magharibi, mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano yuko peke yake katikati ya mamia ya watu. Taa zikizimwa, anakuja mkubwa. Anamwita mono, yaani mgeni wa bweni. Anamwambia ainuke afue soksi, aimbe wimbo, afungue sanduku. Pakiti inakwisha usiku huo huo, na shilingi mia mbili nazo.

Wapo watu wazima, na baadhi yao ni waungwana wa kuheshimika, wanaosema kuwa hayo humkomaza mtoto. Nawaomba wafikiri upya. Mtoto aliyeonewa usiku wa kwanza na asimpate wa kumwambia amejifunza mambo mawili: kwamba watu wazima wa mahali pale wanalala, na kwamba zamu yake ya kuonea itafika. Akifika madarasa ya juu atalipiza kwa asiyemkosea. Ndivyo uonevu unavyorithishwa bwenini, kundi hata kundi, bila mwalimu yeyote kuufundisha.

Dawa yake haihitaji fedha za mfadhili. Kabla mzazi hajaondoka siku ya kuripoti, akutanishwe uso kwa uso na mtu mzima mmoja atakayekuwa mlezi wa mwanawe: mwalimu, matroni, mtunza ghala, yeyote aliyeteuliwa. Wapeane namba za simu. Mtoto asikie jina lake likitajwa na aone mamake akimwambia yule mtu, "Huyu ndiye mwanangu." Pili, awekewe mwanafunzi mmoja mkubwa wa kumwongoza kwa wiki za kwanza: bomba liko wapi, kengele ya kwanza ni saa ngapi, ukiumwa usiku unagonga mlango upi. Tatu, kwa muda wote wa wiki hizo mwalimu wa bweni akae mabwenini hadi watoto walale. Kuja na tochi, kuhesabu vichwa na kurudi nyumbani hakutoshi.

Na mwanafunzi huyo wa kumwongoza achaguliwe kwa makini. Sitaki kuzunguka jambo hili, kwa kuwa wazee walionialika wanalijua kuliko mimi. Agosti 22, 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ilikuwa Kilelengwani, Desemba ikawa Kipao. Waliokufa katika mapigano ya miezi ile walizidi 100, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji, na nyumba zilizochomwa zilikuwa za pande zote. Waliokuwa mgongoni mwa mama zao mwaka ule sasa wako sekondari. Wengine hawana kumbukumbu yoyote ila walichosimuliwa, na hadithi iliyosimuliwa usiku nyumbani huwa haina jina la mtu mwema wa upande wa pili.

Mtoto huyo akifika bwenini atalala kitanda cha chini, na kitanda cha juu atalala mwana wa aliyesimuliwa. Katika kaunti hii hakuna mahali pengine ambapo watoto wa mkulima na wa mfugaji huishi hivyo, wakila sufuria moja na kuosha nyuso kwenye bomba moja, miaka kadhaa mfululizo. Baraza la amani hukaa mchana mmoja na kutawanyika. Bweni halitawanyiki. Lakini halifanyi kazi hiyo lenyewe. Mkiwaacha watoto wachague vitanda, ndani ya wiki moja mtakuwa na pembe ya hawa na pembe ya wale, kila pembe na lugha yake, na siku simu ya habari mbaya ikija kutoka kijijini, pembe hizo zitageuka kambi. Kwa hiyo pangeni vitanda kwa makusudi. Mpeni mgeni wa Kiorma mwongozaji wa Kipokomo, mgeni wa Kipokomo mwongozaji wa Kiorma, na vivyo hivyo kwa Mbajuni, Mwardei, Mgiriama na Mmunyoyaya. Mzee wa Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo, na mzee wa Matadeda, baraza la wazee wa Waorma, waje pamoja, katika gari moja, walau mara moja kwa muhula, wakae na wanafunzi jioni bila wageni rasmi na bila hotuba. Watoto wa siku hizi hutazama zaidi ya wanavyosikiliza.

Hoja ya tatu: anayepakua chakula anajua mengi

Katika shule moja niliyofundisha palikuwa na mama mpishi ambaye hakuwahi kualikwa kwenye mkutano wowote. Jioni moja alinijia ofisini, upawa bado mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, yule msichana wa kidato cha pili anayekaa meza ya mwisho, hajala ugali tangu Jumapili. Anapokea sahani halafu anampa mwenzake." Darasani msichana yule hakuwa na dosari. Madaftari yake yalikuwa safi, mkono anainua, jibu anatoa.

Nikamwita. Alichukua muda mrefu kusema. Kumbe alikuwa amesikia kutoka kwa jamaa yake kwamba mto umeingia kijijini kwao na watu wamehama, na hakujua mamake na wadogo zake wanalala wapi. Simu ya mamake haikuwa ikipatikana, na yeye aliona haya kuomba simu ya shule mara ya pili. Tulimpigia chifu, chifu akampigia mtu kambini, na kesho yake adhuhuri mama na binti wakazungumza. Mambo yalikwisha hapo. Mama mpishi ndiye aliyeona, kwa kuwa humwona kila mtoto mara tatu kwa siku, na mkono wa mtoto unapoinyoosha sahani haujui kusema uongo.

Mpishi, matroni, bawabu wa lango, mkata nyasi, dereva: hawa mara nyingi ni watu wa hapa hapa. Wanajua lugha ya mtoto, wengine wanamjua babu yake. Mwalimu huhamishwa, wao hubaki. Lakini katika shule nyingi nilizotembelea huwa hawahesabiwi katika malezi. Wameajiriwa na bodi, mishahara yao huchelewa fedha za serikali zinapochelewa, na wanafunzi huwaita kwa sauti ambayo hawathubutu kuitumia kwa mwalimu. Mwanafunzi anayemdharau mpishi amejifunza dharau hiyo mahali, na mara nyingi amejifunza kwetu sisi walimu, anapotuona tukipita jikoni bila kusalimu.

Nashauri kila shule iwe na kikao kifupi cha malezi kila wiki, na katika kikao hicho matroni na mpishi mkuu wakae mezani kama wengine, waulizwe kwanza. Na mishahara yao ilipwe kwa wakati. Mtu mwenye watoto waliorudishwa nyumbani kwa karo hawezi kuwa na moyo wa kuwaangalia watoto wa wengine, na tusimlaumu.

Hoja ya nne: heshima bila kiboko, ukaribu wenye mipaka

Najua hapa nitapingwa, na wazee watanikumbusha kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Naikubali methali hiyo. Mtoto asiyekatazwa huharibika. Methali hiyo, hata hivyo, haijataja mtu asiyemjua mtoto, mwenye madarasa sita na hasira za siku nzima, akimpiga mbele ya wenzake kwa kosa ambalo hakuuliza limetokeaje. Sheria nayo imeshasema. Kiboko kiliondolewa shuleni mwaka 2001, Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 53 ikamlinda mtoto dhidi ya unyanyasaji, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikapiga marufuku adhabu ya viboko pamoja na ile ya kumdhalilisha mtoto. Matusi na kumwanika mbele ya gwaride vimo humo pia.

Wakuu wa shule huniuliza, basi tutumie nini? Nawatajia Starehe. Shule ile ilianzishwa Nairobi mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, akishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakilala mitaani wakati wa vurugu za ukoloni. Watoto walioanza nao walikuwa wagumu kuliko tulio nao sisi. Griffin aliiongoza hadi alipofariki mwaka 2005, na nguzo mojawapo ya uongozi wake ilikuwa baraza la kila wiki ambapo mvulana yeyote, hata wa kidato cha kwanza, alisimama na kumuuliza mkurugenzi swali au kulalamika hadharani, iwe ni maharagwe mabichi, iwe ni kiranja mwonevu. Alijibiwa papo hapo, au akaambiwa jibu litakuja lini. Wakati shule nyingine zikiwaka migomo, Starehe ilikaa miongo mingi bila mgomo. Siyo kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Manung'uniko hayakupata nafasi ya kuoza.

Baraza halina gharama. Linahitaji mwalimu mkuu mwenye ujasiri wa kusimama na kuambiwa. Tangu 2009 nchi yetu ina utaratibu wa mabaraza ya wanafunzi, ambapo wanafunzi huchagua viongozi wao badala ya viranja kuteuliwa ofisini. Shule nyingi zimechukua uchaguzi na kuacha usikilizaji. Wanafunzi wanapiga kura, wanaapishwa kwa mbwembwe, kisha viongozi wao wanapewa kazi ile ile ya zamani ya kuandika majina ya wanaopiga kelele. Kiongozi wa wanafunzi akae na mwalimu mkuu kila wiki, alete malalamiko, arudishe majibu kwa wenzake. Asiporudi na majibu, uchaguzi ule ulikuwa mchezo.

Sasa nigeukie mipaka, na nitaisema waziwazi mbele ya watoto. Ninapohimiza mtu mzima amjue mtoto, sihimizi ukaribu wa gizani. Mazungumzo ya ushauri yafanyike mahali wengine wanapopita na kuona, hata kama hawasikii. Mwalimu hana haja ya kumwita mwanafunzi nyumbani kwake jioni, wala kumtumia ujumbe wa simu usiku, wala kumpa zawadi ambayo mzazi hajui. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamtaja kwa cheo mwalimu mkuu, mwalimu na mfanyakazi wa shule anayetumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi, na kifungo chake hakipungui miaka 10. Tume ya Huduma ya Walimu ilitoa waraka wake mwaka 2010, na mwalimu anayepatikana na hatia hufutwa katika sajili. Wazazi, na hili nawaambieni kwa uchungu: kesi inayomalizwa chini ya mti kwa mbuzi na radhi humwacha mhalifu akihamia shule nyingine na kuanza upya. Mtoto asiyejua pa kwenda anaweza kupiga 116 bila malipo, saa yoyote. Namba hiyo ibandikwe bwenini, ndani ya mlango, si ofisini.

Hoja ya tano: mwalimu naye anahitaji mtu

Fupi, lakini bila hii zile nne hazitasimama.

Serikali yenyewe imeiweka Tana River miongoni mwa maeneo yenye mazingira magumu, na walimu hulipwa marupurupu kwa sababu hiyo. Mwalimu kijana anatumwa kutoka Kisii au Machakos. Anafika Garsen na begi moja, jua kali, mbu, hajui mtu, na nyumba za walimu hazitoshi. Usiku wake wa kwanza hautofautiani sana na ule wa mtoto niliyemweleza. Nani amempokea? Mara nyingi anapewa ratiba na funguo za darasa. Baada ya mwaka anaomba uhamisho, na watoto waliokuwa wameanza kumzoea wanaachwa tena.

Wazee, mwalimu mgeni akifika, apelekwe kusalimiana na watu. Aonyeshwe njia ya kufuata maji yakipanda. Aalikwe Idi na Krismasi. Huyo hataondoka haraka. Na ndani ya shule, mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi. Ripoti ya Gachathi ilipendekeza huduma ya ushauri shuleni mwaka 1976, na hadi leo kazi hiyo katika shule nyingi huongezwa juu ya mzigo mzima wa kufundisha, na hupewa yeyote anayeonekana mpole. Mtu huyo husikia misiba ya mamia ya watoto. Naye apate mwenzake wa kumsikiliza, walau mara moja kwa mwezi, kutoka shule jirani.

Yaliyo mbele yetu

Mtaala mpya umebadilisha umri wa kuingia bwenini. Watoto wengi sasa husoma sekondari msingi wakiwa shule za kutwa, wakirudi nyumbani kila jioni, na hukutana na bweni kwa mara ya kwanza wanapoingia Gredi ya 10. Wanafika wakiwa wakubwa kwa mwili, wana simu nyumbani, wana mazoea yao, na wengi hawajawahi kulala nje ya kwao hata usiku mmoja. Wakati huo huo serikali imeanza kuzifunga sehemu za bweni katika shule za msingi zisizotimiza masharti ya usalama; baada ya moto wa Endarasha zilifungwa katika shule zaidi ya 300. Nakubaliana na uamuzi huo pale ambapo maisha ya watoto yako hatarini. Lakini mtoto wa mfugaji ambaye bweni lake limefungwa anahitaji mahali pengine pa kusomea, la sivyo atabaki malishoni, na jambo hilo nawaachia viongozi wetu wa kaunti walifuatilie pamoja na wizara.

Yaliyo mikononi mwetu hayahitaji kungoja Nairobi. Naomba walimu wakuu wa shule za bweni za Tana Delta wakutane kabla ya muhula ujao kufunguliwa, kila mmoja na orodha ya wanafunzi wake, na mbele ya kila jina paandikwe jina la mtu mzima mmoja. Wasizidi watoto kumi na watano kwa mlezi mmoja. Mkiwahesabu wapishi na matroni mtaona inawezekana. Majina yatakayobaki bila mlezi yaletwe kwa bodi, na bodi iseme itafanya nini. Wazee wa Gasa na Matadeda wapange ziara yao ya pamoja ya kwanza, na waitangaze leo kama wako tayari. Mwisho wa muhula tukutane tena, hapa Idsowe kama wenyeji wetu wataturidhia, tusomeane tulichofanya na tulichoshindwa.

Bwana Mwenyekiti, nimeambiwa kuna muda wa maswali. Kwa desturi huanza wazee, kisha walimu, na wanafunzi huishia kuambiwa muda umekwisha. Naomba radhi kwa wazee wangu, lakini leo waanze wanafunzi, na mwenye swali kuhusu shule yake aulize bila mwalimu wake kumkatiza. Karibuni.